Moshi Si Mwendo

"Ukiweka tairi zote nne hujashinda, umebebwa."

Kauli hiyo niliisikia kwa Kiingereza cha Texas, usiku wa Ijumaa, kwenye kiwanja cha mbio za magari nje ya Dallas. Aliyeitoa alikuwa ameegemea pikapu yenye thamani ya nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, na alikuwa anamwambia kaka yangu. Kaka, mtoto wa mama mkubwa, alicheka kile kicheko cha mgeni asiyetaka ugomvi. Kisha akafanya alichoambiwa. Nitasimulia kilichotokea, ila kwanza niseme msimamo wangu waziwazi, maana makala za kuvizia msomaji sizipendi.

Pikapu ya dizeli, nzito, inayotembea barabarani kila siku, ikiingia kwenye mbio za mstari mnyoofu itumie tairi zote nne. Anayesema huo ni udanganyifu anaabudu moshi. Na ugonjwa wa kuabudu moshi naujua vizuri, kwa sababu hata huku kwetu kwenye vitabu upo.

Najua wapo walioshaanza kujiuliza kama wamekosea blogu. Hamjakosea. Kaeni.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Magari mawili yanasimama sambamba. Mbele yao kuna mlingoti wa taa: njano za kujiandaa, kijani ya kuondoka, nyekundu ya kumuumbua aliyewahi. Umbali ni robo maili, yaani mita 402, na viwanja vingine hukata nusu, mita 201. Hakuna kona. Ukimaliza unapewa kikaratasi kama risiti ya dukani, kimeandikwa maisha yako yote ya sekunde kumi na kitu: uliitikia taa baada ya muda gani, mita 18 za kwanza ulizimaliza kwa muda gani, mwisho ulifika kwa muda gani na kwa spidi gani. Wazoefu huitazama namba ya mita 18 kabla ya nyingine zote. Wanajua ugomvi mwingi huamuliwa pale.

Wanaokuja usiku wa Ijumaa si watu wa kulipwa na wadhamini. Ni mafundi, wakulima, madereva wa malori, vijana wanaofanya kazi kwenye visima vya mafuta. Unalipa kiingilio, gari linakaguliwa, unapanga foleni. Kaka anaendesha lori la mizigo wiki nzima, jimbo hadi jimbo. Pikapu yake ni Dodge Ram ya mwaka 2006, injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita kwenye mstari mmoja. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 325, yeye kaiongezea nozeli kubwa na turbo nyingine. Ndiyo gari anayoendea sokoni, na ndiyo inayovuta trela Watanzania wenzake wakihama nyumba.

Ili uelewe kwa nini alinusurika, lazima uelewe nguvu ya magari haya ni ya namna gani. Dodge walipoanza kuweka injini ya Cummins kwenye pikapu zao za modeli ya 1989, ilitoa nguvu farasi 160 tu. Leo gari dogo la familia linaifikia namba hiyo. Lakini nguvu yake ya kusokota, ile inayolikwamua gari kutoka lilipo, ilikuwa pauni-futi 400. Ford wakaja na Power Stroke mwaka 1994, General Motors wakaja na Duramax mwaka 2001, vita ikapamba moto. Kufika 2019, Ram walikuwa wanauza pikapu yenye pauni-futi 1,000, na mtu yeyote mwenye leseni ya kawaida na mkopo wa benki anaweza kwenda nayo kazini. Hiyo ni nguvu iliyokusudiwa kuvuta trela la ng'ombe mlimani. Inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole.

Sasa jiulize nguvu hiyo inakwenda wapi. Ukiacha gari kwenye mvuto wa tairi mbili, yote inakwenda nyuma. Na nyuma ya pikapu tupu kuna nini? Bodi tupu. Mzigo wote wa kweli upo mbele, kwenye injini ya chuma yenye uzito wa karibu nusu tani peke yake. Pikapu ya dizeli isiyo na mzigo hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye tairi za mbele. Kwa gari la tani tatu kama la kaka, zaidi ya tani moja na nusu inakaa juu ya tairi ambazo hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kukata kona, kwenye mchezo usio na kona! Ni kweli gari likiondoka kwa nguvu uzito hurudi nyuma kiasi. Kwa pikapu hizi hautoshi. Tairi hushika lami kwa sababu kuna kitu kinaikandamiza. Bila mkandamizo, nguvu yote hugeuka kuwa msuguano, joto na kelele.

Ndivyo ilivyokuwa. Kaka alishika breki kwa mguu wa kushoto, akakanyaga mafuta kidogo kwa wa kulia ili turbo ijae presha kabla ya taa. Turbo ya dizeli ina uvivu wake, inahitaji kuamshwa. Lakini kwa tairi mbili huwezi kuiamsha vizuri, maana breki za nyuma zinazidiwa na injini, tairi zinaanza kuzunguka gari likiwa limesimama. Taa ikawa kijani. Tairi zikalia. Moshi mweupe ukatoka chini, mweusi ukatoka kwenye bomba, na mashabiki wakanyanyuka kwenye viti vyao. Kisha mkia wa gari ukahama kushoto, ukaelekea ukuta wa zege.

Mimi nilikuwa nyuma ya uzio na simu mkononi, narekodi. Niliishusha. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba kwao Tanga ni alfajiri, na mama mkubwa yuko macho kwa ajili ya sala. Basi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Aliachia mafuta, akalirudisha gari kwenye mstari, akamaliza safari kwa aibu. Kikaratasi kilisema mita 18 za kwanza zilimchukua sekunde 2.4, na safari nzima sekunde 14 na pointi zake. Na hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia: alipigiwa makofi. Alipigiwa makofi kwa kushindwa, na kwa kukaribia kufa, kwa sababu alitoa moshi.

Saa moja baadaye akarudi kwenye foleni. Aliniambia, "Mdogo wangu, raundi hii namsikiliza fundi, simsikilizi shabiki." Akaushika ule mkono mdogo wa gia uliosimama sakafuni, akaingiza mvuto wa mbele na nyuma. Safari hii breki zote nne zilikuwa zinaishikilia injini kwa pamoja, turbo ikajaa, gari likajikunyata bila kusogea. Kijani. Likaondoka kama limesukumwa na mkono. Hakuna kilio, hakuna moshi wa tairi, hakuna mkia kuhama. Sekunde 1.9 kwa mita 18 za kwanza. Sekunde 12.9 mpaka mwisho. Gari lilelile, dereva yuleyule, lami ileile, usiku uleule.

Makofi? Yalikuwa ya watu watatu, na mmoja ni mimi.

Yule bwana wa pikapu ya gharama akatikisa kichwa. "Umebebwa," akarudia.

Haya, tubishane basi. Umebebwa na nini? Na gari lako mwenyewe? Transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, imo ndani ya gari tangu kiwandani. Difu ya mbele ipo. Propela ya mbele ipo. Kaka amezilipia kila mwezi kwa miaka. Kuziacha zikizunguka bure halafu ukaita hilo uungwana ni kama kwenda shambani na jembe begani ukalima kwa kucha.

Tena huyo anayelalamika amesimama juu ya msaada kila upande. Turbo ni nini kama si msaada? Inaisukumia injini hewa ambayo isingeweza kuivuta peke yake. Lami ya kiwanja imenyunyiziwa gundi ili tairi zishike. Tairi zake ni laini kuliko za barabarani. Kompyuta inapima dizeli inayoingia kila silinda. Misaada yote hiyo haioni haya. Haya yake imeanzia kwenye ekseli ya mbele. Kwa nini hapo tu?

Na cha kuchekesha ni hiki: watu haohao wana mchezo mwingine, wa pikapu kuburuta sleji yenye mzigo ambao unazidi kulemea kadiri unavyosonga mbele. Huko pikapu za dizeli huvuta kwa tairi zote nne, na hujasikia mtu akisema fulani kabebwa. Yapo mashindano yanaitwa Ultimate Callout Challenge, ambapo gari moja linatakiwa kukimbia mbio za mstari mnyoofu, kupimwa nguvu kwenye mashine na kuburuta sleji, yote matatu. Ekseli ileile ya mbele inayoitwa ushujaa kwenye udongo, ikifika kwenye lami inaitwa wizi. Huo ni ubishoo, jamani. Kanuni ya mchezo haimo humo.

Sisi tuliokulia kwenye tenzi hatuna sababu ya kudanganyika na ushujaa wa aina hii. Mkumbukeni Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo, jitu lenye nguvu za kutisha, amefungwa gerezani na anasubiri kifo. Anatokaje? Mama yake anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Saada, kijakazi, anaupeleka. Walinzi wanaudharau kwa kuwa ni chakula cha hovyo, wanamwachia. Halafu nje inapigwa ngoma, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Mama, Saada, tupa, ngoma. Hesabuni, ni vinne. Mmewahi kumsikia mzee yeyote wa Lamu akisema Liyongo alibebwa? Wahenga wenyewe walishamaliza kesi: kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa nigeukie hoja nzito, maana ipo, na mtu anayebishana kwa haki haikwepi. Hoja yenyewe inasema kuvuta kwa tairi nne kunavunja gari. Ni kweli kunavunja. Tairi zinazoteleza zinafanya kazi kama fyuzi, nguvu ikizidi zinaachia. Ukizifanya zishike zote nne, nguvu inatafuta kitu kingine cha kuvunja: krosi za propela, mnyororo ulio ndani ya transfa, shafti ya kuingilia giaboksi. Kwenye pikapu za Duramax, ambazo tairi zake za mbele zimesimama kila moja kivyake, tairodi ni ugonjwa unaojulikana. Ukiondoka kwa pupa tairi za mbele zinavuta kuelekea ndani, tairodi zinapinda, na wenye akili huziongezea vyuma vya kuziimarisha kabla hawajafika kiwanjani. Ram na Ford za daraja zito, zenye ekseli nzima mbele, huvumilia zaidi, lakini nazo si jiwe.

Pia kitabu cha mwongozo cha gari kinakukataza kutumia mvuto wa tairi nne kwenye lami kavu. Sababu yake ni ya msingi. Transfa ya aina hii inafunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Ukikata kona, tairi za mbele zinatembea umbali mrefu kuliko za nyuma, na kwa kuwa lami kavu hairuhusu tairi kuteleza kidogo, vyuma vinajisokota mpaka kimoja kikubali kushindwa. Lakini isome tena sababu hiyo. Ni kona. Kwenye mita 402 zilizonyooka hakuna kona. Hatari inaanza ukishavuka mstari wa mwisho na kupunguza mwendo ili ugeuke kurudi. Hapo unautoa mvuto wa mbele kabla ya kukata usukani. Kaka alifanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo jibu la hoja ya kuvunja ni utaratibu. Tairi unazipasha moto kwa mvuto wa nyuma peke yake, kisha ndipo unaingiza wa mbele. Unatumia gia ya kawaida, hugusi ile gia nzito ya matope. Unapakia nguvu taratibu ukiwa kwenye breki, ili ulegevu wote wa krosi na difu uishe kabla ya taa, vyuma visigongane kwa kishindo. Unakagua tairodi. Ni kazi ya kuchosha na haina mtazamaji. Inafanyika chini ya gari, umelala chali, mafuta yanakudondokea shingoni. Huwezi kuipigia makofi, na ndiyo maana inadharauliwa.

Wengine watasema: mbona magari ya dizeli yenye kasi kuliko yote yanavuta nyuma tu? Sawa. Yale yametengenezwa kwa mabomba ya chuma, mepesi, uzito umepangwa upya, tairi za nyuma pana kama pipa. Mwenye gari hilo hahitaji ushauri wangu. Mimi namzungumzia mtu anayekuja na gari alilopelekea watoto shule asubuhi. Kumwambia huyo aige gari la mabomba ni kumwambia mvuvi wa ngalawa aige meli ya mafuta.

Turudi kwenye moshi, maana mzizi wa fitina uko pale.

Usiku ule kulikuwa na moshi wa aina mbili. Mweupe ni wa tairi: nguvu iliyotakiwa kuwa mwendo ikawa joto. Mweusi ni wa bomba: dizeli iliyotakiwa kuungua ikatoka masizi. Aina zote mbili ni hasara. Ni risiti ya kile ulichopoteza. Ila macho yetu yamefundishwa kuziona kama ushahidi wa nguvu. Wapo Wamarekani wanaolifungua gari makusudi litoe moshi mweusi mwingi, wakampulizia mwenye baiskeli, na wakajisifu. Shirika la mazingira la serikali yao, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kudhibiti moshi ndani ya takriban miaka kumi. Nusu milioni ya magari! Hiyo si takwimu ya wapenda kasi peke yao. Wengine wanakwepa gharama za matengenezo. Lakini utamaduni wa kushangilia moshi ndio unaowapa kiburi, na mapafu yanayolipa ni ya watoto wasiojua hata Cummins ni nini.

Na sisi? Mara ngapi tumesifu kitabu kwa sababu kinatoa moshi? Sentensi inazunguka, inalia, inatoa methali tatu na majina manne ya wanafalsafa, mkia unahama kushoto, na ukifika mwisho wa ukurasa unakuta bado uko pale ulipoanzia. Tunaandika mapitio tunasema "lugha nzito". Halafu anakuja mtu na hadithi inayoondoka kimya, tairi zote nne chini, inakufikisha, na tunasema "ya kawaida, lugha nyepesi". Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, kwenye mapitio ambayo siku hizi sipendi kuyasoma. Msomaji anayetaka kujua tofauti aulize kama waulizavyo wale wazoefu: mita 18 za kwanza umezimaliza kwa muda gani?

Ila sitaki kufanya usiku wa kaka uwe mfano tu wa vitabu vyangu. Ulikuwa usiku wake. Mtu aliyehama nchi akiwa na miaka ishirini na mbili, anayefanya kazi peke yake kwenye kibanda cha lori siku tano kwa wiki, aliambiwa na mgeni kwamba kutumia vyote alivyonavyo ni aibu, na akaamini kwa dakika tano. Dakika tano zilitosha kumpeleka jirani na ukuta. Wanaoeneza imani ya kwamba mwanamume wa kweli huvuta kwa nusu ya gari lake hawakuwepo upande wa ule uzio nilipokuwa mimi.

Tulipotoka kiwanjani alinipa vikaratasi vyote viwili nishike, akawasha gari. Mkono wa gia ndogo ulikuwa umesharudi kwenye tairi mbili, maana njia ya kutokea ina kona. Kile cha sekunde 14 nilitaka kukitupa. Akanikataza. Alisema atakibandika gereji, juu ya meza ya vifaa, akione kila anapotaka kumsikiliza shabiki.